Sigara ikatazwe, lakini barieri isiongezwe



Niende moja kwa moja. Mimi sivuti sigara, na moshi wake siupendi. Lakini ule mjadala wa "iletwe sheria ya kukataza sigara pahali pa watu wengi", namna tunavyoufanya sisi vijana wa Kalembe wenye diploma, naona umeanzia pabaya. Tunabishana kama sigara ni mbaya. Hilo limekwisha kujibiwa zamani. Ulizo lenyewe ni lingine: siku karatasi hiyo itakapotiwa sahihi, nani ataishika mkononi njiani, na atamlipisha nani?

Niseme kwanza yale ambayo hayana ubishi, tusipoteze wakati. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7000, na karibu 70 kati yazo zinajulikana kuleta kansa. OMS inasema tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 duniani kila mwaka, na zaidi ya milioni moja kati yao hawakuvuta kamwe. Walikaa tu karibu na mvutaji: bibi yake, mtoto wake, mtu wa kazi naye. Kwa hiyo mwenye kusema "ni pafu langu, wewe inakuhusu nini" amekosa hesabu. Katika nyumba ya mbao na shitingi yenye mita tatu kwa nne, pafu la mtu mmoja halipo.

Kati yetu kuna kambi mbili. Ya kwanza ni ya wale waliopita Kampala, Nairobi au Kigali. Wanasema: "Wenzetu wamekataza, na sisi tukataze, mwenye kuvuta alipe." Ya pili inajibu: "Hapa watu wanakufa kwa risasi na kwa njaa, nyinyi mnatafuta sigara? Acheni watu wapumue." Nitazipinga zote mbili, moja baada ya nyingine.

Kambi ya kwanza inazungumza kana kwamba Kongo haina maandishi. Yapo. Mkataba wa OMS juu ya tumbaku ulianza kazi mwezi wa 2 mwaka wa 2005, na nchi yetu iliuridhia mwaka ule ule. Mwaka wa 2007 waziri wa afya alitoa agizo juu ya matumizi ya tumbaku. Tarehe 13/12/2018 ikatoka sheria namba 18/035 juu ya afya ya umma, nayo inagusa tumbaku. Juu ya hayo yote, Katiba ya 2006, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira yenye afya. Sasa niambieni, nani kati yenu amekwisha kuona moja ya karatasi hizi imebandikwa kwenye ukuta Kalembe, kwa lugha ambayo mama wa soko anaisoma? Mimi bado. Kuomba sheria ya tano wakati zile nne hazijawahi kufika kijijini ni sawa na kuagiza mbegu mpya wakati magunia ya msimu uliopita yanaoza depo.

Tena, hiyo sheria ya kwetu itapigiwa kura na nani? Tangu tarehe 6/5/2021 jimbo liko chini ya utawala wa kijeshi, ile tunayoita état de siège, na bunge la jimbo halitungi tena sheria. Na Kalembe yenyewe mnaijua: upande mmoja ni Masisi, chini ya shefferi ya Bashali, upande mwingine ni Walikale, chini ya sekta ya Wanianga. Upande mmoja ukikataza na mwingine ukinyamaza, mvutaji atavuka njia tu na kuendelea kuvuta huku anatucheka. Tangu vita vilipofika hapa mwezi wa 10 mwaka wa 2024, mwenye kutoa amri leo si lazima awe yule wa kesho. Amri ya sigara itakayotoka katika hali hii haitakuwa sheria yenye mjadala. Itakuwa tangazo la mtu mwenye bunduki.

Tuangalie hao wenzetu tunaotaka kuiga, maana mfano wao unafundisha kuliko tunavyofikiri.

Kenya, mwaka wa 2006, waziri wa afya Charity Ngilu alitoa kanuni za nchi nzima. Makampuni ya sigara yakakimbilia mahakamani, na Mahakama Kuu ikazisimamisha. Pale ya nchi ilipokwama, sheria ndogo za miji zilipita: Nakuru ilitangulia, na mwezi wa 7 mwaka wa 2007 baraza la jiji la Nairobi likakataza kuvuta pahali pa umma, hata barabarani. Mwaka ule ule bunge likapitisha sheria ya tumbaku, ikaanza kazi mwezi wa 7 mwaka wa 2008. Mwenye kuvuta pahali palipokatazwa anaweza kutozwa hadi shilingi 50 000 za Kenya au kufungwa hadi miezi sita. Sheria hiyo pia inakataza kuuza sigara moja moja: pakiti isipungue sigara kumi.

Nini kilifanikiwa pale? Wenzetu waliosoma Nairobi wanasema leo mtu akiwasha sigara ndani ya matatu, abiria wenyewe ndio wanaomzimisha. Polisi hana kazi hapo. Watu wamekwisha kuzoea kwamba gari ni pahali pa pumzi ya wote. Hilo ni jambo kubwa, na mimi nalitaka hapa, ndani ya taksi na juu ya Fuso.

Na nini kilileta maneno? Faini, na askari wa jiji wa kuifuatilia, wale wanaoitwa kanjo. Malalamiko juu yao kila raia wa Nairobi anayajua: mtu anakamatwa, anazungushwa ndani ya gari, kisha "mnaelewana". Shilingi 50 000 haziko pale ili zilipwe. Ziko ili uogope, ukubali kutoa 500 bila risiti. Na hiyo ni Nairobi, mji wenye mahakama, mawakili na magazeti. Chukua faini ile ile, iweke kwenye njia ya Kitchanga kwenda Pinga, kisha uniambie utaona nini.

Uganda nayo ina historia nzuri. Shirika la raia lilipeleka jambo hili Mahakama Kuu, likisema haki ya mazingira safi inavunjwa, na mwaka wa 2002 mahakama ikakubali. Kanuni zikafuata mwaka wa 2004, na sheria kamili ya tumbaku mwaka wa 2015, iliyoanza kazi mwezi wa 5 mwaka wa 2016. British American Tobacco iliipinga mbele ya Mahakama ya Katiba, ikashindwa mwaka wa 2019. Kwa ujasiri, ninawapigia makofi. Lakini ndani ya sheria hiyo kuna kipimo ambacho wenzetu wengi wanakisifu bila kukipima: hakuna kuvuta ndani ya mita 50 kutoka pahali pa umma.

Mimi ni mtu wa agronomia, kazi yangu ni kupima. Chukua pahali pamoja tu, piga mzunguko wa mita 50: 50 mara 50 mara 3,14, unapata mita za mraba 7850, karibu ari 80. Mashamba mengi niliyoyapima upande huu wa Masisi hayafiki hapo. Sasa weka mzunguko kama huo juu ya shule, mwingine juu ya kituo cha afya, mwingine juu ya soko, mwingine juu ya kila kanisa, nanyi mnajua makanisa yetu yalivyo mengi, yote kandokando ya njia moja. Mizunguko itapandana. Hapatabaki pa kuvutia ila shambani au ndani ya nyumba. Na mvua ikinyesha, namna inavyonyesha kwetu, mzee hatakwenda shambani. Atavutia ndani, karibu na mkeka wa wajukuu. Sheria ya kulinda watoto itakuwa imemrudishia mtoto moshi kitandani.

Hapa ndipo ninapofika kwenye hofu yangu kubwa. Mwaka wa 2017 watafiti wa IPIS, taasisi ya Ubelgiji, walihesabu vizuizi vya njia katika Kivu zote mbili: 798. Kila kimoja kina sababu yake ya kulipisha: makala, maharagi, mbao, mguu wa mtu anayepita tu. Ninyi mnaolipa pale mnajua jinsi sababu inavyozaliwa. Leo ni usalama, kesho ni salongo ambayo hukufanya, kesho kutwa ni kitambulisho. Tukiandika "faini kwa mwenye kuvuta", tumewapa sababu ya 799, na safari hii imeandikwa na wasomi. Atakayelipa ni kijana wa chukudu mwenye sigara moja nyuma ya sikio. Mkubwa anayevutia ndani ya jipu yenye vioo vyeusi hatasimamishwa na mtu. Mwenye kubeba pakiti kwenda kuuza atalipishwa hata kama hakuwasha kitu, maana nani atamweleza mtu wa barieri tofauti kati ya kubeba na kuvuta?

Ninajua jibu la wenzetu: "Basi unataka tukae bila sheria?" Hapana. Ninataka sheria ambayo haiwezi kugeuzwa kuwa pesa mkononi mwa mtu. Nitaifikia. Kwanza nimalizane na kambi ya pili.

Wale wa "tuna vita" wanasahau kitu kimoja. Vita havikupunguza moshi, viliwasonganisha watu ndani yake. Familia inayokimbia inalala darasani na familia nyingine nane. Kituo cha afya chenye vitanda vichache kinapokea mara mbili. Msongamano ndio unaofanya sigara ya mtu mmoja kuwa ya watu ishirini. Mtoto mwenye nimonia aliyelala karibu na mlinzi anayevuta hajui kama nchi iko vitani au katika amani, anajua tu kwamba pumzi haiingii.

Kuna na hoja yao ya pili, yenye nguvu zaidi: moshi wa jikoni. Ni kweli kabisa. OMS ilihesabu kwamba mwaka wa 2020 moshi wa nyumbani, ule wa kuni, makala na kadhalika, uliua watu milioni 3,2 duniani. Mama zetu wanaupumua kila asubuhi na kila jioni, na hakuna anayewatungia sheria. Lakini angalieni hoja hiyo inatumiwa namna gani. Anayeitoa kwa kawaida ni mwanaume mwenye sigara mdomoni, na akimaliza kuitoa haendi kujenga jiko lenye bomba. Moshi wa kuni unapikia watu chakula, hatuwezi kuukataza, tunaweza kuupunguza. Moshi wa sigara haupiki kitu. Kuwa na madeni mawili si sababu ya kukataa kulipa lile dogo.

Sasa nieleze kutoka upande wa kazi yangu kwa nini naamini kukataza kunawezekana hapa hapa, bila polisi.

Kuna ugonjwa wa mimea unaoitwa mozaiki ya tumbaku. Unaletwa na kirusi, na ni katika kuuchunguza ugonjwa huu, mwishoni mwa karne ya 19, wanasayansi waligundua kwa mara ya kwanza kwamba kuna viumbe hao tunaowaita virusi. Kirusi hiki kinakaa ndani ya jani kavu la tumbaku kwa miaka, kinabaki kwenye vidole vya mvutaji, na kikigusa mche wa nyanya au pilipili kinahamia pale. Jani linakuwa na mabaka ya kijani na manjano, linajikunja, na mavuno yanapungua. Hakuna dawa ya kuuponya.

Ndiyo maana kwenye vitalu vya nyanya ninavyofuatilia tuna kanuni moja: hakuna sigara, hakuna kiko, hakuna ugoro, na aliyevuta ananawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa mche. Hakuna faini. Hakuna mlinzi. Kanuni inashikwa, na wanaoishika sana ni wamama wenye nyanya zao, kwa sababu jani lenyewe linatoa ushahidi. Mzee mmoja mwenye kiko chake, anayeheshimiwa na kila mtu, akifika anakiacha mwenyewe chini ya mparachichi kabla ya kuingia. Hakuna kijana aliyemfokea. Mama mmoja alimwambia tu: "Mzee, utusaidie, hizi nyanya njo minerval ya batoto." Akaelewa.

Angalieni kilichomo katika kanuni hiyo. Pahali panajulikana: kitalu, si kijiji kizima. Sababu inaonekana kwa macho. Mwenye hasara ndiye mwenye kuisimamia. Na mzee anaambiwa kama mzee. Ukiondoa hata kimoja katika hivyo vinne, itabidi umlete polisi.

Kwa hiyo pendekezo langu, nalo si refu.

Moja. Tutaje pahali penye paa au ukuta, na tuishie hapo: madarasa, kituo cha afya, makanisa na misikiti, ndani ya magari, hangari za soko, pahali pa kugawia misaada, na vibanda wanamolala wakimbizi. Nje, upepo ukipita, mtu avute mbali na watoto. Mita 50 tuwaachie wenye miji mipana.

Mbili. Pesa isitajwe kabisa. Mara ya kwanza mtu anaambiwa, mara ya pili anatolewa nje, mara ya tatu anafagia pahali pale alipovutia, saa moja, mbele ya watu. Hakuna franka, hakuna kuku, hakuna simu inayowekwa rehani.

Tatu. Msimamizi awe mwenye pahali: kamati ya wazazi shuleni, muganga mkuu kituoni, kamati ya wamama sokoni, dereva ndani ya gari lake, RECO katika kambi. Mwenye silaha yoyote asihusike, hata kwa kusaidia. Hilo liandikwe wazi, kwa herufi kubwa.

Nne. Karatasi moja, kwa Kiswahili, itiwe sahihi na wakubwa wa pande zote mbili, Masisi na Walikale, ibandikwe mlangoni mwa kila pahali pale. Na isiseme "sigara" tu. Iseme na kiko, kwa sababu bibi zetu wa kiko nao wana moshi, ingawa hakuna anayethubutu kuwaambia.

Tano, na kwangu hii ndiyo kubwa. Tuache kuwatuma watoto. Sote tumekwisha kusikia: "Kadogo, kamata hii, kaniwashie ku moto." Mtoto wa miaka saba anapeleka sigara jikoni, anaivuta mara mbili ili ishike, anairudisha kwa mzee na kusifiwa. Pale ndipo mvutaji anazaliwa. Na yule mtoto mwingine mwenye sahani kichwani, pipi upande mmoja na sigara za moja moja upande mwingine, anajifunza biashara hiyo akiwa na umri ule ule. Kwa jambo hili hatuhitaji gavana. Tunahitaji kila mmoja wetu akatae, kwa adabu, mbele ya baba zake wadogo.

Mtaniuliza juu ya wanaoishi kwa tumbaku. Ni haki kuuliza. Goma ilikuwa na kiwanda cha sigara, Congo Tobacco Company ya mfanyabiashara Tribert Rujugiro, na watu walikula kwa kazi hiyo. Lakini kama mtu wa shamba nawaambia: tumbaku si mmea wa kumtegemea mkulima mdogo. Anayevuna majani yenye umande anapata kichefuchefu na kizunguzungu, nikotini inapita kwenye ngozi. Kukausha kwa moto kunakula misitu. Huko Migori, Kenya, OMS, FAO na PAM wamewasaidia wakulima kuacha tumbaku na kupanda maharagi yenye chuma nyingi. Maharagi ya namna hiyo yanajulikana kwetu pia: INERA Mulungu imeyafanyia kazi miaka mingi. Masisi ni nchi ya maharagi na viazi. Hapo hatuna cha kuiga kutoka mbali, tuna cha kuendeleza.

Wandugu, ninajua kati yetu kuna waliokwisha kuanza kuandika barua kwa wakubwa. Kabla haijaondoka, isomeni tena na mtafute neno "faini" ndani yake. Likiwemo, litoeni. Ikija karatasi yenye mambo matano niliyosema, nitaibandika mimi mwenyewe, pande zote mbili za njia. Ikija ile ya kulipisha, nitaikataa, hata kama imeandikwa kwa Kifaransa kizuri.